Jina la Kwanza Halitoshi

Habari ninayotaka kuwasimulia inahusu ugonjwa wa titi, nami ni mwanamume. Nilisita siku nyingi kabla ya kushika kalamu. Katika nyumba nyingi za kwetu kaka haulizi habari za kifua cha dada yake, wala dada hathubutu kumwambia. Lakini haya hiyo ndiyo iliyotupotezea miezi mitano mizima, na mdogo wangu mwenyewe ndiye aliyeniambia, "Kaka, andika. Mimi sina haya tena." Basi naandika kwa ruhusa yake.

Kazi yangu ni ukarani wa parokia. Nilisoma chuo cha ualimu nikapata cheti, lakini nafasi ya kufundisha haikupatikana. Baba Paroko alipohitaji mtu wa kutunza vitabu, nikaishika kazi hiyo kwa muda tu, nikingoja ajira. Muda huo sasa umekuwa miaka tisa. Kutwa nashinda na kitabu cha ubatizo, kitabu cha ndoa na kitabu cha marehemu.

Kazi ya vitabu ina somo lake. Mtu akija dirishani akasema, "Natafuta cheti cha Maria," sina la kumjibu. Akina Maria ni mamia. Sharti nimwulize: Maria nani? Baba yake nani, mama yake nani, msimamizi wake nani, alibatizwa mwaka gani, namba yake ngapi? Jina la kwanza halimtambulishi mtu. Nikitoa cheti kwa jina la kwanza tu, nitawaozesha wasioruhusiwa na kuwanyima wenye haki. Sikudhani hata siku moja kwamba somo hilo dogo la ofisini lingekuja kunifungua macho juu ya ugonjwa wa mdogo wangu.

Yeye alikuwa na umri wa miaka 31, mama wa mtoto mmoja aliyekuwa bado ananyonya. Mwezi wa Novemba 2021 aligusa kitu kigumu karibu na chuchu ya kushoto, kadiri ya punje ya harage. Hakikuuma. Ukikisukuma, kilisogea. Hakumwambia mtu, ila wifi yake, yaani mke wangu, naye akaniambia usiku, kwa sauti ya chini, kana kwamba tumeiba kitu.

Alikwenda mahali fulani pa matibabu karibu na kwao. Wakamwambia ni jipu la maziwa, maana ananyonyesha, wakampa vidonge. Vidonge vikaisha, uvimbe ukabaki. Akarudi, akapewa vingine. Bibi mmoja wa jirani akaleta majani ya kukanda. Na mimi, mwenye kujiita msomi, nilifanya nini? Nilimwambia asubiri Krismasi ipite, maana ofisini kulikuwa na kazi nyingi. Krismasi ikapita, nikamwambia asubiri nilipe ada za watoto. Ada zikalipwa, nikamwambia mvua zipungue. Mambo haya nayaandika kwa aibu. Punje ya harage ilikuwa imekua ikafika kadiri ya yai la kuku mtetea, ndipo mke wangu aliponiambia, "Ungekuwa uvimbe wako wewe, tungekuwa tumekwisha fika hospitali." Nikakosa jibu.

Mwezi wa Aprili 2022 tulikwenda hospitali. Daktari mpasuaji aliutoa uvimbe wote. Jioni mwuguzi akaniita, akanipa chupa ya plastiki yenye mfuniko mpana, ndani yake mna maji yasiyo na rangi na kile kipande cha mwili wa mdogo wangu. Akasema, "Hapa hatuna mtaalamu wa kukisoma. Peleka hospitali kubwa ya mjini, usichelewe. Maji haya ni fomalini. Usiyamwage, usiongeze maji ya bomba, usifungue."

Nikamwuliza kwa nini. Yule mama, Mungu ambariki, hakuniona msumbufu. Alinieleza kwamba nyama ikitolewa mwilini huanza kuharibika saa ile ile. Fomalini huizuia isioze, ikabaki kama ilivyokuwa. Ikichelewa kuwekwa, au ikiwekwa katika maji machache, hata mtaalamu mwenye macho mazuri atasoma uongo, maana alama zilizo ndani ya nyama zitakuwa zimekwisha potea. Dawa yapaswa kuwa mara kumi kuliko kipande chenyewe.

Halafu nikafanya jambo ambalo ni mazoea ya kazi yangu. Nikasoma karatasi iliyobandikwa kwenye chupa, kisha nikasoma fomu. Kwenye fomu jina la baba lilikuwa la marehemu baba yetu. Kwenye chupa lilikuwa jina la baba wa mtu mwingine. Mdogo wangu alikuwa na jina la kwanza sawa na la mama mwingine aliyepasuliwa siku hiyo hiyo. Nikamwonyesha mwuguzi. Alishtuka sana, akaenda kuhakikisha katika daftari la chumba cha upasuaji, akarudi na kurekebisha mbele yangu, akaandika na namba. Sisemi hayo ili kumlaumu. Alikuwa peke yake na wagonjwa wengi, na mimi pia nimewahi kukosea majina katika vitabu vyangu. Nasema ili kila ndugu wa mgonjwa ajue: soma karatasi ya chupa kabla hujaondoka nayo.

Kulipokucha nikapanda basi, safari ya saa sita. Nilikuwa nimeiviringisha chupa katika kanga ya mke wangu, nikaitia ndani ya kikapu. Kondakta akataka kikapu kiwekwe juu pamoja na mizigo ya magunia na kuku. Nikakataa. Akauliza mna nini ndani. Nikamjibu, "Mna mdogo wangu." Alinitazama kama mwendawazimu, kisha akaniacha. Nikakipakata mpaka mjini.

Katika maabara walinipokea, wakauliza kipande kilitolewa saa ngapi na kilitiwa katika dawa saa ngapi, wakaandika. Kijana mmoja wa pale alinionyesha kwa mbali jinsi wanavyofanya. Kipande hukatwa vidogo, hukaushwa maji yake, halafu hufunikwa kwa nta mpaka kikawa kama kipande kidogo cha sabuni. Nta hiyo huchongwa kwa kisu cha mashine, vikatoka vitambaa vyembamba ambavyo unene wake haufiki hata sehemu ya kumi ya unywele wa mtu. Hivyo hulazwa juu ya kioo, hutiwa rangi, na daktari wa patholojia, ndiye asomaye vipande vya mwili, huvitazama kwa hadubini. Kipande cha nta chenyewe hakitupwi. Huwekewa namba, kikatunzwa kabatini, na baada ya miaka mingi chaweza kuchongwa tena na kusomwa upya. Nilipoona makabati yale yenye namba, nikajisikia kama niko ofisini kwangu.

Baada ya wiki tatu jibu likaja. Ni saratani, yaani kansa. Chini yake kulikuwa na mistari mitatu, na kila mstari uliishia kwa neno moja: hasi, hasi, hasi.

Wengi hawajui maana ya mistari ile, nami sikuijua. Chembe za titi huwa na vipokezi, yaani kama masikio ya kupokea amri zinazoletwa na damu. Kipokezi cha kwanza hupokea estrojeni, homoni ya kike. Cha pili hupokea projesteroni, homoni nyingine. Cha tatu ni protini iitwayo HER2. Saratani yenye vipokezi viwili vya kwanza hutibiwa kwa vidonge vya kuzuia homoni. Yenye HER2 nyingi ina dawa yake, trastuzumabu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998. Kwa hiyo masikio hayo matatu ni alama zinazomwonyesha daktari njia ya dawa. Zikiwa hasi zote tatu, njia zote mbili zimefungwa. Hubaki hasa kisu, mionzi, na zile dawa kali za dripu ambazo hunyonyoa nywele.

Binamu yetu mmoja alisoma habari za hasi tatu katika simu yake, akaja kutusomea kwa sauti. Ni aina kali. Hukua upesi. Hurudi upesi. Kila neno lilikuwa kama udongo unaotupwa kaburini. Tukakaa kikao cha ukoo. Tulikuwa na ng'ombe watano walioachwa na baba. Ilikubaliwa wauzwe ili kulipia nauli, malazi ya mjini na dawa. Mdogo wangu alikuwa amekaa mkekani, mtoto amelala mapajani pake. Akasikiliza mpaka tukamaliza. Kisha akasema, "Kaka, msiuze ng'ombe. Kama ni kufa nitakufa. Acheni ng'ombe wamsomeshe mwanangu."

Mama alitoka nje. Hakuna aliyesema neno. Nakiri kwamba mle moyoni mwangu wazo likapita: labda asema kweli. Wazo hilo lilinitisha kuliko ugonjwa wenyewe.

Siku ya nne simu ikaita. Alikuwa yule daktari wa patholojia, mwanamke wa makamo. Akasema anatafuta ndugu wa mgonjwa mwenye namba fulani. Akasema, "Msianze kukata tamaa, wala msianze dawa. Kuna jambo halinitoshelezi. Njooni."

Tukaenda, mimi na mdogo wangu. Daktari akatukalisha, akatuambia kwamba alipotazama vioo kwa mara ya pili aliona chembe zilizojaa vipovu, na katikati yake majimaji yaliyoganda, mfano wa maziwa. Tena hazikuwa zikigawanyika upesi, jinsi zifanyavyo zile kali. Ziko aina chache za saratani ya titi ambazo ni hasi tatu kwa karatasi, lakini tabia yao ni nyingine kabisa. Moja huitwa saratani ya utoaji, kwa sababu chembe zake hutoa majimaji. Ni adimu sana. Katika wagonjwa mia wa saratani ya titi hafiki hata mmoja. Madaktari wawili wa Marekani, Robert McDivitt na Fred Stewart, waliieleza mwaka 1966 kwa watoto, na kwa muda ikadhaniwa kuwa ni ugonjwa wa watoto. Baadaye ikaonekana kwamba watu wazima ndio wengi kuliko watoto.

Akasema, "Macho yangu yaniambia ni hiyo, lakini macho peke yake hayatoshi. Aina hii ina alama yake ndani ya chembe. Nataka kipande kipelekwe maabara ya nje ya nchi kitafutiwe alama hiyo." Nikamwuliza ni alama gani. Akaniuliza nafanya kazi gani. Nilipomwambia karani wa vitabu vya parokia, akacheka, akasema, "Basi wewe utaelewa upesi."

Akanieleza hivi. Kila chembe ya mwili ina maktaba ndogo ya vitabu 46, jozi 23, navyo huitwa kromosomu. Mumeandikwa amri zote za mwili: mtu awe mrefu au mfupi, kidonda kipone vipi, chembe igawanyike lini na ikome lini. Kila amri ni jeni moja. Katika kitabu cha 12 kuna amri iitwayo ETV6. Katika kitabu cha 15 kuna nyingine, NTRK3. Kila moja mahali pake haina neno. Amri ya kitabu cha 15 husema kwa namna yake, "Kua, ukiitwa." Katika saratani hii ya utoaji, ukurasa wa kitabu cha 12 umeraruka, na wa kitabu cha 15 umeraruka, kisha vipande viwili vikashonwa pamoja. Nusu ya kwanza inatoka hapa, nusu ya pili inatoka pale, na amri mpya imezaliwa isiyokuwapo katika kitabu cho chote cha mtu mzima: "Kua wakati wote, hata usipoitwa." Chembe inatii. Ndiyo saratani.

Nilielewa. Niliwahi kukuta katika kitabu cha zamani ukurasa ulioraruka ukabandikwa na mtu mwema mahali pasipo pake. Ukisoma, utaona bwana ameoa mwaka mmoja kabla ya kuzaliwa. Kila nusu ni ya kweli, lakini zikiungwa pamoja ni uongo.

Mshono huo wa kitabu cha 12 na cha 15 ulikuwa umekwisha onekana mwaka 1998 katika uvimbe mwingine wa watoto wachanga. Mwaka 2002 watafiti wa Vancouver, Kanada, pamoja na daktari Poul Sorensen, waliutafuta katika saratani ya utoaji ya titi, wakaukuta kwa wagonjwa 12 kati ya 13. Tangu hapo umekuwa kama namba ya cheti chake. Kuutafuta kuna njia zaidi ya moja. Njia mojawapo ni kutia rangi mbili zing'aazo, nyekundu na kijani, kila moja upande wake wa amri ile ya ETV6. Amri ikiwa nzima, rangi hukaa bega kwa bega. Ikiwa imeraruka, nyekundu imekwenda huku na kijani kule. Njia nyingine ni kutumia rangi inayoshika protini itokayo katika jeni za ukoo wa NTRK. Hiyo ni nafuu zaidi, nayo hutumika kuchuja kwanza.

Daktari akachonga nta. Vioo vikatumwa. Tukarudi nyumbani kungoja.

Kungoja huko sitakusahau. Ilikuwa wiki tisa. Ng'ombe wawili tuliwauza, maana bado ilimpasa kupasuliwa mara ya pili, kuondoa nyama ya pembeni na kutazama matezi ya kwapani. Watatu wakabaki zizini. Mdogo wangu aliacha kumnyonyesha mtoto. Usiku nilikuwa nikiamka, nikajiuliza kama miezi ile mitano niliyoichezea ndiyo itakayomwua. Mke wangu alinisikia nikigeuka geuka. Hakunilaumu tena, na hilo liliniuma zaidi.

Mwezi wa Julai 2022 jibu likarudi. Nyekundu imeachana na kijani. Mshono upo. Ni saratani ya utoaji. Na matezi ya kwapani yalikuwa safi.

Madaktari wakakaa pamoja, mpasuaji, wa patholojia na wa saratani. Wakatuambia kwamba kwa aina hii, iliyokatwa ikaisha na haijafika kwapani, wanaona upasuaji watosha. Zile dripu kali walizokuwa wamekwisha kuziandika kwa sababu ya hasi tatu, wakazifuta. Lakini wakaonya kwamba aina hii, ingawa ni ya pole, yaweza kurudi baada ya miaka mingi; kwa hiyo sharti aendelee kupimwa, asije akajiona amemaliza. Na kama siku moja itarudi na kuenea, sasa kuna dawa iliyotengenezwa kuzuia mshono huo huo. Huitwa larotrektinibu. Ilijaribiwa kwa wagonjwa 55 wenye uvimbe wa aina 17 mbalimbali, watoto na watu wazima, wote wana mshono wa ukoo wa NTRK. Katika kila wanne, watatu uvimbe wao ulipungua sana. Marekani iliiidhinisha mwezi wa Novemba 2018, na haikuuliza uvimbe uko titini au shingoni, iliuliza tu kama mshono upo. Bei yake ni kubwa mno kwa watu kama sisi. Namwomba Mungu tusiihitaji. Lakini kujua kwamba ipo si jambo dogo.

Sasa, wasomaji, msije mkaondoka na neno lisilo sahihi. Sikusema kwamba hasi tatu si kitu. Wengi wenye jibu hilo wana saratani kali kweli, nao wanahitaji dripu bila kuchelewa. Zikianzwa mapema huokoa watu wengi. Anayesoma habari hii akaacha dawa zake kwa kusema, "Labda yangu ni ile ya pole," atajiua bure. Nasema tu kwamba hasi tatu si jina kamili. Ni kama kusema Maria. Aina nyingine ya hasi tatu iliyo adimu na ya pole ina mshono wa kitabu cha 6 na cha 9, jeni za MYB na NFIB, ulioelezwa na watafiti wa Sweden mwaka 2009. Kila moja na cheti chake.

Wala alama si hakimu pekee. Uko uvimbe uitwao filodi, maana yake "kama majani", kwa sababu ukikatwa huonekana umejikunja kama majani. Mjerumani Johannes Müller aliupa jina mwaka 1838. Kwa mkono hufanana sana na uvimbe mwema wa wasichana, ule wa kusogea sogea. Mwaka 2014 watafiti wa Singapore waligundua kosa moja la maandishi, katika jeni ya MED12, katika zaidi ya nusu ya vile vimbe vyema walivyovipima. Baadaye kosa hilo hilo likaonekana katika filodi nyingi. Basi alama moja, vimbe viwili, na kimojawapo chaweza kugeuka kikawa kibaya. Hapo karatasi ya alama peke yake haitoshi. Sharti daktari atazame umbo, atazame mipaka, ahesabu chembe zinazogawanyika. Hata mimi, namba ya kitabu ikigongana, hurudi kwa wazee nikawauliza.

Kwa hiyo naomba kusema machache kwa familia zetu. La kwanza: uvimbe wa titi usiopungua baada ya wiki mbili tatu usiitwe jipu, hata kama mama ananyonyesha, wala kama hauumi. Mdogo wangu hakusikia maumivu siku hata moja. La pili: uvimbe ukitolewa, ulizeni, "Kipande kinakwenda wapi?" Kisitupwe, kisikae katika maji, kisifungwe katika mfuko wa nailoni. Kiingie katika fomalini saa ile ile, na jina kamili liandikwe. La tatu: jibu likija, ombeni nakala, na andikeni namba ya kipande cha nta, maana ndicho shahidi anayeweza kuulizwa tena. La nne: jibu likiwaogopesha, ulizeni kama kuna mwingine anayeweza kulisoma. Kuuliza si kumtukana daktari. Daktari wetu alijiuliza mwenyewe kabla hatujamwuliza.

Na la mwisho ni kwa akina kaka, baba na waume. Msingoje wifi awaambie usiku. Uso wangu ulipaswa kuwa mtu wa kwanza ambaye mdogo wangu angeukimbilia, lakini nilikuwa nimejifanya mgumu wa kuambiwa. Miezi mitano nilimwambia asubiri. Uvimbe wake ulikuwa wa kukua polepole, ndiyo maana leo nasimulia habari hii bila kulia. Ungekuwa wa aina ile nyingine, mngekuwa mnasoma jina lake katika kitabu changu cha tatu, na mimi ndiye ningeliandika.

Mdogo wangu yu mzima. Kifua chake kina kovu, na kanga yake huifunga kwa namna ya kulificha, lakini kilimo cha mwaka huu alilima. Kila anapokwenda kupimwa mjini nampeleka, na basi lile lile hutuchukua. Mtoto ameanza shule. Wale ng'ombe watatu wamezaa.

Katika sanduku lake la bati ana bahasha moja. Ndani mna cheti chake cha ubatizo nilichomwandikia kwa mkono wangu, na karatasi yenye namba ya kipande cha nta kilichoko kabatini mjini. Nilimwuliza kwa nini ameviweka pamoja. Akasema, "Kaka, vyote viwili vinasema mimi ni nani. Sitaki kimoja kipotee."

Mimi wenu,
Karani wa Parokia